Paa la zamani Section 58: fundi aanze Jumatatu?

Kwako Bwana Afya,

Hujambo mzee wetu. Nakuandikia kutoka hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, nikiwa na wasiwasi ambao nyumbani kwangu hakuna anayeutilia maanani.

Marehemu baba mkwe alituachia nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu na kijumba cha nyuma. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, kisha akainunua nyumba hii ikiwa tayari imezeeka. Sasa mimi na mume wangu tumeamua kuitengeneza. Tunataka kuondoa paa lote, tuweke mabati ya rangi, tubadilishe silingi tuweke ya jipsamu, na tuvunje ukuta kati ya jikoni na sebule. Fundi tumeshampa nusu ya pesa zake na anasema ataanza Jumatatu.

Wiki jana alikuja na kijana wake kuangalia kazi. Walikata kipande cha silingi kwenye kolido kwa msumeno ili waone mbao za juu ziko katika hali gani. Vumbi jeupe lilishuka hadi kwenye zulia. Kijana akachukua ufagio akafagia, na mtoto wangu wa miaka sita alikuwa amesimama pale pale akitazama. Siku mbili zilizofuata alikohoa.

Jirani yangu ni mwalimu. Alipoona fundi akipima paa, aliniita kando akaniambia, "Mama, hayo si mabati ya kawaida, hiyo ni asbesto. Shuleni kwetu walikuja watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni kuyaondoa." Nilipomuuliza fundi, alicheka. Alisema ni simiti tu, ameangusha mapaa kama hayo Langalanga na Kaloleni, na vijana wake yeye huwanunulia pakiti ya maziwa jioni ili vumbi litoke kifuani. Mume wangu naye ananiambia kwamba kama paa hilo lingekuwa sumu, baba yake asingefika miaka 81 akilala chini yake.

Na kuna mama mkwe, aliye Bahati. Ameshasikia kwamba paa linashuka na ameomba tumpelekee mabati hayo ya zamani ajengee banda la kuku na kuezeka choo. Mume wangu ameshamkubalia, hata pikapu imetafutwa.

Mzee, nitajuaje kama ni asbesto kweli? Mtoto wangu ameshaumia? Fundi aje Jumatatu au asije? Na mama mkwe nimwambie nini bila kuonekana kwamba namnyima vitu vya mume wake?

Mama wa Wawili,
Section 58, Nakuru


Mama wa Wawili,

Nianze na Jumatatu, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Fundi asipande juu ya paa hilo. Wala asiguse silingi, wala asivunje ukuta ulioshikana na silingi, mpaka vipande vimepelekwa maabara na majibu yamekuja. Akikuuliza ni nani aliyesimamisha kazi, mwambie ni mimi.

Jirani yako amekufanyia wema mkubwa. Hajui kwa hakika, na mimi pia siwezi kujua nikiwa mbali, lakini nyumba ya umri huo, kwenye mtaa huo, yenye paa la simiti lenye mawimbi mapana na rangi ya kijivu iliyofifia na kuota kuvu, ni nyumba ambayo mtu mwenye busara huichukulia kuwa na asbesto mpaka ithibitishwe kwamba haina. Mabati hayo yalitumika sana Kenya katika nyumba za reli, shule, zahanati, nyumba za baraza la mji na nyumba za watu binafsi. Yalipendwa kwa kuwa hayapati kutu, hayashiki moto, na mvua ikinyesha hayapigi kelele. Yalitengenezwa kwa simiti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Asbesto yenyewe ni madini yanayochimbwa ardhini, na jiwe lake hupasuka likawa nyuzi, na kila uzi hupasuka tena ukawa nyuzi nyembamba zaidi, hadi zile ambazo jicho halizioni kabisa.

Hizo zisizoonekana ndizo zinazoua. Zikielea hewani mtu huzivuta hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha wala kuzitoa zote. Zinakaa humo. Kwa miaka mingi mapafu hujaribu kupambana nazo, yanapata makovu, yanakakamaa, na mtu anaanza kuhema akipanda ngazi. Huo ndio ugonjwa uitwao asbestosi. Wengine hupata saratani ya mapafu, na kwa anayevuta sigara hatari hiyo huongezeka maradufu mara nyingi. Wengine hupata mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, ambayo kwa sehemu kubwa sana husababishwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, iwe nyeupe, kahawia au ya buluu.

Sasa jambo ambalo fundi wako hawezi kuliona kwa macho yake: magonjwa haya huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Kijana aliyeangusha paa Kaloleni akiwa na miaka 22 atakuja kuugua akiwa babu, na siku hiyo hakuna atakayekumbuka paa. Fundi akisema hajaona mtu wake akiugua, anasema kweli. Ila hajangoja muda wa kutosha. Na maziwa hayasaidii chochote hapo. Maziwa yanaingia tumboni, vumbi limeingia mapafuni, na hizo ni njia mbili zisizokutana. Ningependa vijana wote wa mjengo wa Nakuru wasikie hili, kwa sababu imani ya maziwa inawafanya wajione wamelindwa wakati hawajalindwa hata kidogo.

Hoja ya mume wako kuhusu baba yake naomba uiheshimu, maana ina ukweli ndani yake. Paa la asbesto lililo zima, ambalo halikatwi wala halitobolewi, hufungia nyuzi zake ndani ya simiti. Mzee alilala chini ya paa lililotulia. Ninyi mnataka kulipiga nyundo, kulikata kwa grainda na kulitupa chini kutoka juu. Kukaa chini ya paa hilo na kulivunja ni mambo mawili tofauti kabisa. Mweleze mume wako hivyo. Usimwambie kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa sumu, mwambie kwamba kazi mnayotaka kuifanya ndiyo italeta sumu isipofanywa kwa utaratibu.

Kuhusu mtoto. Najua ndicho kilichokunyima usingizi. Kikohozi cha siku mbili ni cha vumbi lolote linaloingia kooni, asbesto haifanyi kazi namna hiyo. Hatari yake huongezeka kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda ambao mtu amelivuta, ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wafanyakazi wa viwanda, migodi na ujenzi waliolivuta kila siku. Kusimama mara moja kwenye kolido wakati kipande kimoja kinakatwa ni hatari ndogo sana, hata kama silingi hiyo ni asbesto, na bado hatujui. Usimpeleke kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya hilo, haitaonyesha kitu. Kikohozi kikiendelea, mpeleke zahanati kama ungempeleka kwa kikohozi kingine. Kinachobaki ni kuhakikisha vumbi lile halirudi hewani.

Na hapo kuna kazi ya kufanya leo. Kolido ifungwe, watoto wasipite. Mtu mzima mmoja avae barakoa yenye alama ya P3 au P100, ile inayobana uso pande zote. Barakoa ya kitambaa au ile ya buluu ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Achukue vitambaa vya zamani, avilowanishe kwa maji yenye sabuni, apanguse sakafu, kuta, na juu ya fremu za milango polepole bila kusugua. Kitambaa kikichafuka kisioshwe, kiingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo uingie kwenye mwingine, ufungwe na kuandikwa. Ufagio ule nao uingie humo. Zulia likunjwe kwa ndani, lifungwe kwenye karatasi ya nailoni, likae nje mpaka majibu yatoke. Pale palipokatwa pazibwe kwa nailoni na selotepu pana. Msifagie kavu, msitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, maana hiyo hufyonza nyuzi mbele na kuzitema nyuma. Nguo alizovaa anayesafisha zisichanganywe na za watoto. Kuna wanawake waliougua mesothelioma ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani, walikuwa wakifua nguo za kazi za waume zao.

Sasa, kujua. Jicho haliwezi, hata langu. Mabati ya mawimbi yaliyotengenezwa miaka ya karibuni hutumia nyuzi nyingine zisizo na asbesto na yanafanana sana na yale ya zamani. Silingi ndiyo ngumu zaidi: katika nyumba nyingi za miaka hiyo ni ubao laini wa mbao iliyopondwa, usio na madhara, na katika nyingine ni karatasi bapa za asbesto. Zikishapakwa rangi mara kumi, hakuna fundi anayeweza kuzitofautisha kwa kugonga. Na silingi ikiwa ya asbesto laini, ile inayomeguka kwa kucha, ni mbaya kuliko paa, kwa sababu inaachia nyuzi kirahisi zaidi.

Kinachotoa jibu ni darubini ya maabara. Nakushauri sampuli ichukuliwe na mtu aliyefunzwa, na nitakueleza anavyofanya ili umtambue anayejua kazi. Atakuja na chupa ya kunyunyizia maji yenye sabuni kidogo. Atatandika nailoni chini, atawatoa watu wote chumbani, atazima feni. Atalowanisha mahali anapotaka kukata, na atatafuta kona ambayo tayari ina ufa badala ya kufungua mpya. Kwa koleo atang'oa kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, bila msumeno na bila drili, huku akiendelea kunyunyiza. Kipande kinaingia mfuko wa kwanza, kisha wa pili, kinaandikwa kimetoka wapi. Anapangusa koleo kwa kitambaa kibichi, kitambaa nacho kinafungwa. Mwisho anapaka rangi au kubandika selotepu pale alipong'oa. Ukiona mtu amekuja na msumeno na kiroba, mrudishe.

Achukue kila aina ya kitu peke yake, kwa kuwa paa likiwa nalo silingi inaweza kukosa, na kinyume chake. Mwonyeshe pia mifereji ya maji ya mvua, bomba la moshi la jiko la kuni lile la kupasha maji ya kuoga kama bado lipo, ubao mweusi ulioshikilia mita na fyuzi za zamani, tangi kama ni la simiti nyembamba, na paa la kijumba cha nyuma. Angalia na sakafu: vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9 vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi hushukiwa sana, na watu huvikwangua bila kufikiri.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya Kaunti ya Nakuru ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye orodha ya taka hatari, na mwaka 2011 NEMA ilitoa mwongozo wa namna ya kuiondoa, kuisafirisha na kuizika. Omba wakupe majina ya waliopewa leseni, na wakuelekeze pa kupima. Wale wa usalama na afya kazini, chini ya wizara ya kazi, nao wanahusika, kwa sababu wanaopanda juu ya paa ni wafanyakazi na sheria ya mwaka 2007 inawalinda.

Majibu yakisema hakuna asbesto, fundi aanze siku hiyo hiyo. Yakisema ipo, bado una njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha paa lilivyo. Hili watu hawalipendi lakini ni halali na ni salama kama mabati hayajapasuka wala kumeguka, yakapakwa rangi nzito ya kufungia na kukaguliwa kila mwaka. Wasiyakwangue kuvu kwa brashi ya waya wala kuyaosha kwa maji ya presha. Ukiona fundi anapendekeza kuweka mabati mapya juu ya yale ya zamani, muulize atayashikiza vipi bila kutoboa, kwa kuwa hapo ndipo penye matatizo. Ya pili ni kuyaondoa kwa utaratibu: mabati yanalowanishwa, bolti zinakatwa, kila bati linashushwa zima kwa mikono, linafungwa kwa nailoni nzito mara mbili, linaandikwa, linapakiwa kwenye gari lenye leseni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa kuzika asbesto. Dampo letu la Gioto si mahali hapo. Kule kuna watu wanaookota taka kila siku, na bati lililotupwa kule litavunjwa tena mikononi mwao. Siku ya kazi hiyo ninyi mlale kwa ndugu, na majirani waambiwe mapema wafunge madirisha na kuanua nguo. Miezi ya kiangazi upepo wa Nakuru ni mkali, kwa hiyo kama unaweza kuchagua, chagua siku iliyotulia asubuhi na mapema.

Gharama itakuwa kubwa kuliko ile mliyopanga, sitakuficha. Ndiyo maana napendelea uifikirie njia ya kwanza kwa paa, na pesa zilizopo ziende kwenye silingi kama ndiyo yenye tatizo.

Kwa fundi, usimfukuze. Pesa yake mmeshampa, na ana kazi nyingine nyingi ya kufanya ambayo haigusi kitu kinachoshukiwa: mabomba ya nje, ukuta wa uzio, milango. Kaa naye chini, mwambie kazi ya juu inangoja karatasi ya maabara na mapatano yenu yabaki vile vile. Akikataa kabisa, umejua mapema ni mtu wa namna gani. Yule kijana wake mwite pembeni umweleze haya niliyokueleza, maana yeye ndiye aliyeshika ufagio, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama mkwe mwachie mume wako aongee naye, ni mama yake. Aende Bahati mwenyewe, asimpigie simu. Amwambie hivi: "Mama, yale mabati serikali imeyaweka kwenye taka hatari, siwezi kuyaleta mahali unapochota maji na wajukuu wanapocheza." Yakipakiwa kwenye pikapu yatavunjika njiani. Kule yatakatwa yatoshe banda, yatapigwa misumari, kuku watayachakura, na watoto watachukua vipande kuchorea chini. Kwa choo ni hivyo hivyo. Akisema jirani yake anayo na hajafa, arudie ile habari ya miaka 30 na 40. Na asiende mikono mitupu. Mnunulieni mabati ya kawaida ya banda moja, hata kama ni ya geji nyembamba, ili aone kwamba kilichokataliwa ni asbesto na si yeye. Pikapu iliyokuwa ibebe ya zamani ibebe mapya.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Mkiondoa, mdai nakala ya hati ya kufuatilia taka inayoonyesha mzigo ulitoka kwenu, ulibebwa na nani na ulizikwa wapi, muiweke pamoja na hati ya nyumba. Siku mtakapouza au kuwaachia watoto, wataulizwa. Majibu ya silingi yakitoka niandikie, nataka kujua.

Bwana Afya